Kompyuta Yangu Inapumua

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imegoma. Nimebonyeza kitufe: hakuna taa, hakuna sauti, hakuna chochote. Nimebonyeza tena kwa upole, kisha kwa ukali wa kiualimu. Kimya! Na Jumamosi Mwenyekiti wa wapangaji anakuja kuamua chumba cha chini kiwe cha nani: darasa langu la kompyuta, au darasa la ushonaji la Mama Vifungo. Kwa sasa tunagawana, pazia katikati.

Kwa faida ya atakayesoma haya siku moja: kompyuta yenye afya huanza kwa kupumua. Feni iliyo ndani yake huvuma kwanza, ndipo kioo kiwake. Yangu haipumui. Ni ya zamani kidogo, lakini mimi pia.

Nimewaambia wanafunzi kwamba wiki hii tunaijua kompyuta kwa nje. Wameandika. Nesi mstaafu wa ghorofa ya tatu ameuliza itawashwa lini. Nimemjibu kwamba hata mgonjwa hapasuliwi siku ya kwanza. Akasema ni kweli, ila siku ya kwanza huwa anapimwa kama yu hai. Mjuaji!

Jumanne, 4 Machi

Mama Vifungo amefunua pazia. Ati mbona upande wa pili kimya hivi, mmefiwa? Wanafunzi wake wakaangua kicheko. Nimemweleza kwamba kompyuta za kisasa hazipigi kelele. Akauliza hiyo yangu imekuwa ya kisasa lini.

Fundi wa kompyuta pekee mtaani ni mkwe wake. Nikimwita asubuhi, mchana jengo zima lina habari. Sitamwita. Nina kichwa changu.

Mpango! Nimeleta feni ndogo ya nyumbani, nimeificha chini ya meza na kuifunika kwa kitambaa. Upande wangu una soketi moja tu, basi nimechomoa kompyuta, nikachomeka feni. Vuuuuu! Kompyuta inapumua. Mama Vifungo kanywea. Wanafunzi wameburudika, hasa wa mstari wa mbele, ambao wanapata upepo miguuni.

Jumatano, 5 Machi

Nesi amelalamika kwamba mvumo anausikia ila kioo bado cheusi. Nimeeleza kwamba kimepumzishwa kulinda macho ya watu wazima. Ameandika, lakini kwa uso wa mtu anayeandika cheti cha kifo.

Baada ya darasa, uchunguzi wa kisayansi. Waya unaoleta umeme kwenye kasha la kompyuta umechubuka vibaya. Sasa, watu wengi hawajui kwamba waya wa birika la umeme na waya wa kompyuta wakati mwingine ni mmoja. Mimi najua. Nimechukua wa birika letu, nikauingiza nyuma ya kasha. Nimebonyeza. Kimya! Kwa hiyo waya si tatizo. Hivyo ndivyo sayansi inavyokwenda: unaondoa sababu moja baada ya nyingine, bila papara.

Mke wangu ameuliza waya wa birika uko wapi. Nimesema uko kwenye utafiti. Akasema basi na chai iko huko huko.

Alhamisi, 6 Machi

Bisibisi! Nimefungua kasha. Ndani kuna vumbi la kutosha kupanda mboga. Nimepiga chafya mpaka Mama Vifungo akauliza, kupitia pazia, kama kompyuta imeshikwa na mafua.

Nimechomoa kadi za kumbukumbu, nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama inavyoshauriwa na wajuzi. Nimebadilisha ile betri ya duara inayofanana na ya saa. Nimebonyeza. Kimya. Nimebonyeza kwa kidole kingine. Kimya.

Jambo moja limenitia moyo. Nimeshika kila kitu mle ndani, kila kona, wala sikupigwa na shoti hata kidogo. Hiyo ndiyo mikono ya mtaalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Vifungo hana haya. Wanafunzi wake wameshona mapazia mapya ya madirisha yote, ili Mwenyekiti akiingia tu ayaone. Rushwa ya kitambaa!

Nimejibu mapigo. Wanafunzi wangu wamekariri sehemu zote za kompyuta kwa sauti moja. Nesi amesema mara ya mwisho kukariri viungo vya marehemu ilikuwa chuoni.

Mkakati wa kesho: feni kwenye kasi ya juu kabisa, nami niongee mpaka Mwenyekiti achoke. Hapo sijawahi kushindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenyekiti alifika. Akasikia mvumo, akatikisa kichwa kwa heshima. Nikaanza na historia ya kuhesabu kwa vidole. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri sana. Mara simu yake ikalia, chaji inaisha. Akauliza soketi iko wapi. Nikamwambia haipo. Akashangaa: “Sasa hiyo kompyuta inakula nini, Mwalimu?”

Akainama, akafunua kitambaa. Feni! Upepo ukamvua kofia. Nikaanza kumweleza mzunguko wa hewa. Hakungoja. Akachomoa feni, akaokota plagi ya kompyuta, iliyolala sakafuni tangu Jumatano, akaichomeka ukutani, akabonyeza kitufe.

Pii! Ikawaka. Kioo, taa, kila kitu! Kumbe ule waya wa birika ulikuwa umeiponya, ila mwisho wake wa pili haukuwa umeingia popote.

Nesi alicheka mpaka akatafuta kiti. Mama Vifungo hakucheka. Alinitazama kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikamwambia Mwenyekiti ameona mwenyewe, kompyuta ni nzima. Akaniwekea mkono begani. “Mzee wangu, huyu mama anakanyaga cherehani kwa mguu, na mapazia tunayaona. Wewe ulikuwa na umeme, ulikuwa na kompyuta. Wiki nzima umeshindwa kuvikutanisha!”

Chumba amepewa Mama Vifungo. Mimi nimepewa ile nafasi chini ya ngazi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mbinu zangu zilikuwa sahihi, na ushahidi ni kwamba mgonjwa amepona. Kilichoniangusha ni simu ya Mwenyekiti. Mtu mzima anatokaje nyumbani bila chaji?

Nesi na wenzake wamehamia kwenye ushonaji. Bila shaka wamefuata mwanga wa dirisha. Mke wangu naye amekuja kuchukua waya wake bila hata salamu.

Nimehamisha kompyuta chini ya ngazi. Pananifaa. Hakuna pazia, hakuna jirani wa kuchungulia, hakuna wa kugombea naye soketi, kwa sababu soketi yenyewe hakuna. Tangazo nimeshalibandika ukutani: masomo mapya yanaanza kesho, tunaijua kompyuta kwa nje. Umeme ni mada ya muhula wa pili.