Kinamasi cha Taimi

Jumatatu, 29 Julai
Taimi anahama. Septemba anakwenda mji wa mbali, Oulu, kwa binti yake. Alinieleza huku akikung'uta zulia, kama mtu anayetaja bei ya viazi. Tumekuwa majirani miaka yote, na wote wawili tumefiwa. Nampenda. Nilitaka kumwambia, nikajikuta nalisifia zulia.

Mpango: nimpelekee ndoo nzima ya lakka mbivu, vile vitunda vya manjano vya kinamasini, avipendavyo kuliko kitu chochote. Tatizo: kinamasi changu kimeshikwa na jalidi ya Juni, maua yote yamekufa. Chake kinazaa kila mwaka. Kilipo, hakuna ajuaye. Huku mtu anakuachia ufunguo wa nyumba, lakini kinamasi chake cha lakka hata mwanawe hamwambii.

Nitamfuata.

Jumatano, 31 Julai
Nimemfuata asubuhi yote, kutoka msonobari hadi msonobari. Kazunguka ziwa. Kapanda kilima, kashuka kilima hichohicho. Mbu wamenila mpaka kope. Mwishowe kaketi kwenye kisiki, kamimina kahawa vikombe viwili, na bila kugeuka akasema, haya jirani, njoo unywe kabla haijapoa.

Nikadai natafuta uyoga. Akauliza ni uyoga gani huo unaochumwa kwa ndoo ya lita kumi.

Ijumaa, 2 Agosti
Leo nimetumia akili. Kama juzi alinipeleka magharibi, basi kinamasi kiko mashariki. Nikaenda mashariki. Nikazama mpaka mapajani.

Taimi ndiye aliyesikia kelele zangu. Kanivuta kwa mti mrefu. Buti moja imebaki huko chini. Akataka kujua lakka zenyewe nazitakia nini. Sikuwa na heshima yoyote ya kulinda tena. Nikamwambia: nikupe wewe, usiende Oulu.

Akauliza kama amenielewa vizuri, kwamba nilitaka kumwibia lakka zake ili nimpe zawadi. Nikakubali. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akashika njia ya nyumbani bila kunisubiri. Nimekwisha.

Jumapili, 4 Agosti
Taimi kabisha hodi na ndoo mbili na buti za marehemu mumewe. Akasema, vaa, unanichelewesha.

Hakuzunguka popote. Ni nyuma ya sauna yake, ng'ambo ya kijito, pamejaa manjano tupu. Akaniambia hata marehemu alionyeshwa mahali hapa baada ya harusi tu. Halafu, huku akichuma, akataja kwamba binti ameshapigiwa simu, na habari za Oulu zimekwisha.

Nililia, mtu mzima mimi. Akanipa leso, akaniambia nisiyakanyage matunda. Tumechuma bega kwa bega mpaka ndoo zikajaa. Sijafurahi hivi tangu ujana.

Ila jambo moja. Tukiondoka aliangalia sana upande wa kaskazini. Nani anaonyesha kinamasi chake kizuri kuliko vyote? Ana kingine huyu. Kesho akitoka tu, niko nyuma yake.