Mama Mkwe Amefika Ngazi ya Katili

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amewasili na goti lake la kulia. Daktari kaamuru akae kitako, mguu juu ya stuli. Mke wangu akaingiwa na hofu kwamba mama atachoka kutazama ukuta. Nikajitolea! Nimemwekea kwenye tableti ya zamani ule mchezo wangu wa falme: unajenga mji, unalisha watu, unapigana na majirani. Nikamchagulia ngazi ya Rahisi. Nikamwelekeza kwa ile sauti ya upole ninayowatunzia wateja walioleta friji karakana kumbe hawakuichomeka. Mimi mwenyewe nacheza Kawaida, mwaka wa pili sasa, na karakana nzima inaniita Jemadari. Hata Fundi Gesi, ambaye hasifii kitu asichokigusa yeye. Mama akauliza hao majirani wamemkosea nini. Nikacheka. Maskini.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe yuko Ngumu.

Narudia, maana mkono ulikataa kuandika. Ngumu! Rahisi aliimaliza siku ileile, Kawaida jana. Habari nimezipata kwa mke wangu, aliyenipokea mlangoni kang'aa kama amepandishwa cheo yeye. Eti mama ana akili, jamani, haijapata kuonekana. Miaka yote ya ndoa mimi sijaambiwa hivyo, hata siku nilipoifufua friji ya bucha iliyokwisha kuagwa. Nikampongeza mama kwa heshima zote, shavu likinicheza. Akasema, "Ah, baba, si kamchezo tu ka kitoto."

Ka kitoto!

Simwonei wivu. Mtu mzima hamwonei wivu mama mkwe. Chakula nimekiacha kwa sababu ya joto.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda Ngumu. Haiwezekani Jemadari awe chini ya mgonjwa. Saa ya mapumziko nikajifungia stoo ya karakana, nikajenga kambi za askari, nikaongeza kambi, kisha nikaongeza nyingine. Mashamba yatasubiri. Mashamba hayakusubiri. Njaa ikaingia, watu wakahama na mbuzi wao, askari wakauza ngao. Jirani wa kaskazini akaingia mjini mwangu akitembea tu, wala hakukimbia. Nikaanza upya. Akaingia tena, safari hii kwa mlango wa nyuma. Fundi Gesi akagonga stoo akiuliza kama nimeangukiwa na kabati, maana kasikia mtu anaugua. Nikamwambia nakagua koili. Akasema koili gani hiyo inayolia mama yangu wee.

Ijumaa, 7 Machi

Leo upelelezi. Nimempelekea mama chai, nikampelekea maji, nikampelekea mto wa mgongoni, kila safari nikichungulia skrini. Mke wangu kaguswa hadi machozi. Kasema hakujua nina moyo huu.

Nilichokiona: mama hana jeshi! Ana visima, ana maghala yaliyofura, na ana kile kitufe cha mjumbe ambacho mimi nilidhani ni pambo. Kila zamu anawatumia majirani salamu. Jirani akivimba, anampelekea nafaka. Nikamwuliza kwa adabu kwa nini asiwapige tu. Akanitazama kama nimevua shati mezani. "Na wao wana watoto, baba." Hii si vita, ni kutembeleana! Na ufalme wenyewe kauita Goti.

Alipokwenda kuoga nikaingia kwenye mipangilio ya mchezo na kumpandisha Katili, ngazi ya juu kabisa. Salamu zake akazitume huko.

Jumamosi, 8 Machi

Kashinda.

Malalamiko yake ni kwamba leo majirani waliamka na kisirani, ikabidi awaongezee nafaka. Kisha akasinzia, tableti kifuani, skrini ikiwaka: USHINDI, KATILI. Mke wangu yuko uani anaanika nguo. Hakuna shahidi.

Nilipiga picha. Naandika haya nikiwa na akili timamu. Nikaituma kwenye kundi la karakana na maneno mawili tu: "Kazi ndogo." Simu ikataka kuruka mezani. Jemadari! Mkubwa! Tufundishe! Fundi Gesi peke yake akauliza mbona ufalme unaitwa Goti. Nikajibu palepale kwamba ndilo maadui wanalolipiga mbele yangu. Kisha akatuma kidole gumba. Fundi Gesi! Kidole gumba! Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 9 Machi

Fundi Gesi kaja kumjulia hali mgonjwa. Mkononi machungwa, usoni udadisi. Nikawahi kuisukumia tableti chini ya kochi. Mama akaiulizia. Nikasema inachaji. Akasema mbona mwanga wake unaonekana hapo miguuni pako.

Basi akaipokea, akamgeukia mgeni. "Mwanangu, wewe ni fundi. Hebu niambie, juu ya hii Katili kuna ngazi nyingine, au ndiyo basi?" Fundi Gesi akaitazama skrini. Akasoma jina la ufalme, polepole, kama anayesoma mita. Akanitazama. Mimi nikawa namenya chungwa.

Angenitukana ningepona. Badala yake alivuta kiti, akaketi karibu na mama hadi jioni, akijifunza kutuma salamu. Wakicheka wote wawili! Mimi ndiye niliyekuwa naleta chai.

Jumanne, 11 Machi

Jemadari sasa ni mama mkwe. Mimi karakana nzima inaniita Mkwe wa Jemadari. Leo mteja ambaye simjui kabisa kaniuliza, huku kashika mlango wa friji yake, kama ndiye mimi mkwe mwenyewe.

Nyumbani mama kishasikia yote. Mke wangu kanuna kwa niaba ya ukoo mzima, lakini mama wala hakunicheka. Kasema nilete simu yangu nikae hapa. Tukaanza Ngumu, zamu kwa zamu. Visima kwanza, baba. Sasa salamu. Huyo kavimba, mpe nafaka. Na kweli mji ukanenepa, majirani wakaniletea asali. Nikawa nashinda! Nikaanza kuiona picha nitakayoituma, nikalisikia jina langu likirudi.

Kisha mama akapitiwa na usingizi. Nami nikaona kwamba mpaka wa kaskazini una mlinzi mmoja, tena kakaa chini.

Sasa mtu ungefanyaje? Mashamba nikayageuza kambi, nikavamia. Kumbe majirani wote wanapendana, mama ndiye aliyewapatanisha. Walikuja kwa pamoja. Mama kaamka, kakuta moshi mtupu, kauliza kulikoni. Nikamwambia hawa watu hawana shukrani.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kosa si langu, ni la ngazi. Ngumu imetengenezwa kwa watu wa kati, mbinu zangu zinabanwa mle. Hivyo nimepanda Katili. Mama anainyoshea shingo simu yangu, anasema kuna mjumbe wa amani anasubiri jibu. Nimemwambia asijisumbue, nina mpango. Mpango wenyewe nitaufikiria nikishatangaza vita.