B ya Bueno na Zulia la Mama Mkwe

Jumapili ya Matawi, 24 Machi
Nimeapa. Hakuna tena kuiachia kamera ifikirie badala yangu! Mwanga nitaupanga mwenyewe, kwa mkono. Sababu ni shemeji Eliseo, mwenye duka la dawa, aliyenunua lenzi ndefu na sasa anatembea nayo kifuani mtaa mzima. Mama mkwe, Doña Tránsito, ametangaza kwamba Alhamisi Kuu atatandaza barabarani zulia lake la mwisho la maranda ya mbao yaliyotiwa rangi. Miaka hamsini na moja mbele ya mlango huu, na kila mwaka maandamano ya Wiki Takatifu hulikanyaga kabla halijapata picha ya maana. Sasa mikono inamtetemeka. Anataka picha moja tu, ya kuitazama akiwa amekaa. Eliseo akasema kazi hiyo aachiwe yeye. Nikasema nimeshaahidi! (Sikuwa nimeahidi.)

Jumanne, 26 Machi
Kwenye birika la mtaa, wanakofulia nguo. Kigurudumu cha kamera nimekiweka kwenye M. Picha kumi na nne, zote nyeusi tii. Mke wangu Herlinda, aliyesoma kijitabu chote cha kamera, akasema M maana yake napanga mwenyewe, basi nifungue tundu la lenzi mwanga uingie. Nikazungusha vitu kwa hasira, nikabonyeza. Mungu wangu! Maji aliyomwaga mfuaji yamesimama hewani, tone moja moja, kama shanga zilizokatika uzi. Nimeyatazama mpaka mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Nina miaka arobaini na saba, kumbe sijawahi kuyaona maji. Nilitaka kulia.
Tatizo: sikumbuki nilizungusha nini.

Jumatano, 27 Machi
M tena. Nyeusi. Nyeupe. Nyeusi. Nimegundua! M ni malo, vibaya, kama mwalimu alivyokuwa akiniandikia daftarini. Na jirani yake pale kwenye kigurudumu ni B. Bueno! Vizuri! Herlinda akasema B huiacha kamera wazi muda wote kidole kinapobonyeza, akacheka mpaka akashika mlango. Wivu tu. Eliseo nimemwambia mabingwa wote hutumia M. Akaandika kwenye karatasi, maskini.

Alhamisi Kuu, 28 Machi
Tangu alfajiri mama mkwe yuko magotini, anachekecha maranda ya rangi, katikati ndege mwenye mkia mrefu. Tulipotaka kumsaidia akatufukuza. Jioni, jua limeshazama, mtaa umejaa uvumba. Kamera juu ya mfuko wa maharage dirishani, kwenye B. Tundu la lenzi Herlinda amelibana sana nilipogeuka, eti mwanga usizidi. Nikabonyeza.
Na hapo nikasahau kila kitu. Jukwaa lenye sanamu ya Bwana likaja likiyumba mabegani mwa wabebaji, tarumbeta zinalia, wanaume wazima wa kanzu za zambarau wanatoa machozi chini ya mzigo. Mama mkwe kajishika shavu, anatazama kazi yake ikienda chini ya nyayo. Kidole changu kikabaki palepale kwenye kitufe. Nilipokikumbuka, zulia limevurugika lote. Picha moja tu! Eliseo kapiga mia mbili.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi
Familia yote mbele ya kompyuta ya Eliseo. Picha zake safi, kila chembe ya maranda inahesabika. Akanikumbatia, akasema shemeji, ile M yako ni dawa. Nikacheka kwa meno tu.
Kisha yangu. Zulia zima, ndege na mkia wake, limetulia chini. Juu yake wabebaji hawapo, kuna moshi wa zambarau tu unaopita. Mama mkwe akagusa kioo kwa kidole. Akasema, kumbe hawakulikanyaga, mwanangu, walipita tu. Akalia. Nami nikalia, na Eliseo akafuta miwani.
Wakaniuliza nimefanyaje. Nikawaambia ni hesabu. Eliseo nina hakika alitumia B kwa siri. Mama mkwe ameomba kesho nimpige picha yeye mwenyewe, adhuhuri, juani, na gauni lake la kanisani. Herlinda anasema kwa jua lile B itatoa picha nyeupe kama karatasi. Hajui kitu. Nitabonyeza na kushikilia muda mrefu kuliko wa zulia, maana yeye nampenda zaidi.