Aiskrimu Haiachwi Mlangoni

Jamani, leo nimewafanya majirani zangu wainue mikono juu. Kwa sufuria ya aiskrimu. Kaeni vizuri niwaeleze, na wewe Zuhura uliyeanza kuandika "hahaha" kabla sijafika popote, ngoja kwanza.

Mnajua niko Mbale, huku Uganda, tangu kiwanda kiliponihamisha kutoka Jinja. Kazi ni ile ile: kupima biskuti. Naivunja biskuti, nasikiliza ilivyovunjika, nasema inafaa au haifai. (Ndiyo, nalipwa kwa hilo. Hapana, siruhusiwi kuzila.) Sare yetu ni shati na suruali ya kijani kilichokolea, mifuko kila mahali, na buti nyeusi zenye chuma mbele. Likumbukeni hilo vazi, litatuponza.

Jinja nilikuwa na raha. Nilipanga chumba kwa Mama Hansa, yule mama wa Kihindi niliyekuwa nawatumia picha zake. Kila Jumamosi tulitengeneza aiskrimu ya chokoleti kwa mikono, bila mashine, na kabla haijaganda sawasawa jikoni kwake kulikuwa kumejaa watu na vijiko vyao.

Hapa mtaani Malukhu ni kimya. Watu si wabaya, wananisalimu vizuri mno. "Jambo, afande." "Pole na kazi, afande." Mimi nikajua ndiyo heshima ya huku, kama sisi tunavyosema dada. Nikawa nawajibu kwa bashasha, "Salama, endeleeni!" (Endeleeni! Nani alinituma?) Nikipita kwenye kibanda cha chapati, mazungumzo yanakatika. Nikimwita wa bodaboda, kwanza anavaa kofia yake na kufunga vifungo vya shati. Nikamwambia mama kwenye simu kwamba watu wa huku ni wapole sana, hawapendi maneno mengi.

Lakini ukweli niuseme, upweke umenichosha. Jioni nawasha redio ili nyumba iwe na mtu. Juzi kazini nilijikuta naiambia biskuti "pole" kabla ya kuivunja, na mwenzangu wa meza ya pili akasogeza kiti.

Idd nilijaribu. Niliwakuta jirani yangu Wamboka na mkewe Nambozo getini kwao, nikawapa sahani ya mahamri. Wakaipokea kwa mikono miwili, wakashukuru huku wakirudi nyuma. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nikasubiri nione nani ataileta, nimkaribishe chai. Asubuhi yake nikafungua mlango nikaikuta kizingitini, imeoshwa, na kando yake kuku mzima amefungwa miguu. Mtu hayupo. Kuku, kwa mahamri! Nikaushukuru mlango.

Ndipo nikajiambia, Esha, wewe tafuta chakula kisichoweza kuachwa mlangoni. Aiskrimu! Humwachii mtu aiskrimu kizingitini ukakimbia. Inaliwa hapo hapo, mmekaa, mnaangaliana. Nikanunua bakuli mpya za rangi rangi, nikapanga: Jumamosi nikitoka zamu ya asubuhi natengeneza, nawaita majirani, wanakaa. Basi. Sikutaka kingine, wenzangu. Nilitaka watu wakae.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nimefika nyumbani hata sare sijavua. Nikachemsha maziwa, nikatia kakao na sukari, nikakoroga mpaka yakawa mazito, nikayaacha yapoe, nikaongeza maziwa ya kopo. Krimu nikaipiga kwa uma mbili nilizozifunga pamoja kwa mpira wa nywele. (Ulioshwa! Msianze.) Ikanirukia shatini, mikononi, kwenye nyusi. Sikujali. Nikaiingiza sufuria kwenye kile kichumba cha juu cha friji yangu ndogo.

Siri ya Mama Hansa ni moja tu: usiiache ilale. Ikianza kushika pembeni itoe, ikoroge, irudishe. Ukizembea utatafuna barafu.

Nikakoroga mara ya kwanza, safi. Mara ya pili ilikuwa imeanza kusimama kwenye kijiko. Nikalamba kidogo. Nikalia kidogo pia, sitawaficha. Ilikuwa Jinja yote, mdomoni mwangu, na mimi peke yangu jikoni nimevaa buti.

Stima zikapotea.

Nikasubiri. Hazikurudi. Nikaifunika sufuria kwa taulo, sijui nilidhani taulo lina barafu. Nikifunua, pembeni pameanza kulegea. Nikifunua tena, pamelegea zaidi. (Mnaosema ningeacha kufunua, mko sahihi, lakini mko mbali.)

Mara nikasikia jenereta ya Wamboka inanguruma. Wamboka anauza soda na samaki hapo hapo nyumbani kwake. Ana friza. Friza kubwa!

Sikufikiri. Nikaitia sufuria kwenye kavera nyeusi, maana mfuko wa plastiki huku ndiyo kavera, nikaikumbatia kifuani nikatoka mbio. Buti zinapiga lami, gup, gup, gup. Nikafika kwenye geti lao la bati. Jenereta inapiga kelele, nani atanisikia? Nikalipiga bati kwa ngumi.

"Fungua! Fungueni haraka!"

Jenereta ikazimwa. Ikazimwa, jamani! Nikaona friza yangu inakufa kabla sijaifikia.

"Msizime! Najua mko ndani! Nataka friza!"

(Nikiyasoma maneno haya sasa hivi, natamani ardhi inimeze.)

Geti likafunguka polepole. Wamboka amesimama, amenyoosha kitambulisho chake mbele kwa mikono yote miwili.

"Afande, kitambulisho iko. Jenereta ni yangu, nilinunua. Sisi hapana na makosa."

"Sawa, sawa," nikamwambia, "lakini friza iko wapi? Haraka, inaharibika!"

Akageuka. "Nambozo! Afande anataka friza. Toa friza!"

Na mimi nikafurahi! Nikasema moyoni, ona ukarimu wa watu wa Mbale, hawaulizi hata maswali. Mara nawaona mume na mke wanaikokota friza yenyewe kutoka sebuleni, nzima, na samaki wake ndani, waya unaburutika mavumbini. Wakaifikisha mpaka kwenye buti zangu. Nambozo anahema.

"Friza chukua, nyabo," akaniambia, nyabo ndiyo bibie ya huku. "Bwana yangu tu ndiyo uniachie."

"Bwana yako wa nini? Simtaki!"

"Asante, afande. Asante sana."

Huko nyuma vichwa vya majirani vimejaa juu ya ukuta. Ndipo nikamwona mama yake Wamboka, bibi mzee ambaye mtaa mzima unamwita Kukhu, ndiyo bibi kwa Kimasaba, lugha ya huku. Amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameinyoosha. Na mikono yote miwili iko juu. Haitetemeki. Imetulia huko juu, ya mtu aliyewahi kuinyoosha zamani na hajasahau namna yake.

Nikageuka haraka nyuma yangu nimwone huyo askari aliyeingia.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Askari nilikuwa mimi.

"Mimi si askari!" nikapiga kelele. (Kwa sauti ya askari.) "Naitwa Esha! Napima biskuti!"

Hakuna aliyeniamini. Ungeniamini wewe? Wamboka akakitazama kile kifurushi cheusi kifuani mwangu, akasogea mbele ya mkewe. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nikaichana kavera, nikafunua sufuria mbele ya mtaa mzima.

"Ni aiskrimu! Aiskrimu ya chokoleti! Nimewatengenezea nyinyi!"

Ilikuwa imeshakuwa uji. Nikachovya kidole nikalamba, ili wajue si sumu. Ikanichuruzika kidevuni mpaka kwenye kola. Mtu mzima mimi, buti mguuni, krimu kwenye nyusi, nimesimama katikati ya uwanja wa watu nalamba kidole na machozi yananitoka.

Mtu mmoja juu ya ukuta akacheka kwa pua. Kisha mwingine. Kisha ukuta mzima ukaangua kicheko. Nambozo akakaa juu ya friza, hana nguvu. "Aisikulimu! Tumehamisha samaki yote kwa sababu ya aisikulimu!"

Wamboka ndiye hakucheka upesi. "Kumbe ile kuku?"

"Kuku gani?"

"Ya Idd. Mimi nilitoa ile kuku nikisema, afande akikula, atatuacha."

Wenzangu, kuku alikuwa hongo. Nilimpika kwa nazi, nikamla peke yangu siku mbili, na kila kipande nikimwombea Wamboka dua.

Kukhu akashusha mikono, mmoja kwanza, halafu wa pili. Akapigapiga mkeka kando yake, nikaenda nikakaa. Akanitazama kuanzia nyusi mpaka buti.

"Wewe ni mtu ya wapi?"

"Mombasa, Kukhu."

"Huko kwenu hodi hapana?"

"Ipo, Kukhu."

"Sasa mbona hukupiga? Mimi Swahili nilifundishwa na watu ya bunduki. Wale walikuwa wanajua 'fungua'. Walikuwa wanajua 'haraka'. Hodi hawakujua. Mtu akipiga hodi, mimi najua huyu ni mtu."

Mimi, mtoto wa Mombasa! Kwetu hata anayeingia chooni anapiga hodi. Bibi yangu angenikana hadharani. Nikamshika Kukhu mkono nikamwomba radhi, na si kwa utani, niliona aibu ya kweli, kwa sababu ile mikono yake hewani naiona mpaka sasa.

"Basi lete hiyo kitu yako," akasema.

Bakuli zangu mpya ziko nyumbani, kwa hiyo tukaimimina kwenye vikombe vya chai. Wakanywa wote, mpaka wa ukutani walipitishiwa. Kukhu akaonja, akafikiri, akaonja tena. "Ni tamu," akasema. "Lakini imepoa. Nambozo, nipashie moto kidogo."

Aiskrimu, jamani. Na ikapashwa! Nimeona kwa macho yangu kazi yangu ya mchana kutwa inachemka kwenye jiko la makaa. Mama Hansa asijue kamwe.

Nikaaga nikakimbia kwa aibu. Sufuria nikaiacha huko huko. Nyumbani nikavua buti, nikazitupa nyuma ya mlango, nikakaa kuziangalia zile bakuli za rangi rangi, hakuna hata moja iliyoguswa. Stima zikarudi, bila shaka, sasa kwa kazi gani sijui. Redio ikawaka yenyewe ikaanza kunipa habari za bei ya kahawa. Nikaizima. Nikawaza, kesho mtaa mzima utakuwa na kisa cha kusimulia, na mimi nitakuwa na redio.

Jua linaelekea kuzama, nikasikia mlangoni:

"Koodi!"

Hodi ya huku ndiyo koodi, hilo nililijua. Mdomo ndio uliokwama. Tangu nimehamia hapa hakuna aliyewahi kubisha mlango huu, na lile jibu, kale kaneno kamoja nilikokajua kabla ya kujua jina langu mwenyewe, kakakataa kutoka. Likatoka lililokuwa karibu.

"Nani huyo!"

Nikafumba macho. Basi, nimeharibu tena.

"Afande," ikaja sauti ya Kukhu, na nyuma yake Nambozo anavunjika mbavu, "ni mimi na sufuria yako. Hairudi tupu. Tunaingia, ama tuweke mikono juu?"

Kwenye sufuria mna malewa, yale machipukizi ya mianzi, wameyapika kwa karanga, bado yanatoa mvuke. Ninavyoandika hivi wako hapa, wamekaa, wanayala kwa bakuli zangu za aiskrimu. Wamboka ameleta soda baridi. Kukhu anauliza naandikia nani muda wote huu, nimemwambia naandikia wenzangu, akasema basi wenzako waje.

Kwa hiyo mnaotaka kunicheka, ruhusa mnayo, ila mje mnichekee hapa hapa mlangoni, na mpige hodi kwanza. Jibu lake nimeshalikumbuka.