Mtu wa Sita

Jumamosi, 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa amri ya Kocha. Kocha ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Anaamini kwamba mkimbiaji asiyeandika umbali wake ni sawa na mwanafunzi anayetoa jibu bila kuonyesha njia. Basi naandika. Leo: kilomita tatu. Kwa kweli mbili na nusu, lakini kuna kilima.

Habari kubwa! Mwisho wa msimu klabu yetu itapeleka watu sita kwenye mbio za mji jirani. Basi la kukodi, na picha ya pamoja itakayotundikwa chumba cha klabu. Watano wanajulikana. Ni vijana ambao miguu yao inaanzia kifuani, sina ugomvi nao. Nafasi ya sita ni kati yangu na Shemeji. Kutakuwa na mbio tatu za mchujo, kilomita kumi kila moja, na atakayemtangulia mwenzake mara mbili ndiye mtu wa sita.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ni fundi wa lifti. Mimi ni fundi cherehani. Yaani mwenzangu kutwa anapanda ngazi za watu, mimi kutwa nimekaa. Haki iko wapi? Lakini akili ni mali, na mali hiyo ninayo.

Jioni nilimwambia Kitindamimba, binti yangu wa miaka minane, kwamba baba yake yumo kwenye timu. Neno "huenda" lilikuwa tayari mdomoni, likakataa kutoka. Mtoto alifurahi mno, akakimbilia kalamu zake za rangi.

Jumatatu, 6 Machi

Kitindamimba amemwambia mwalimu wake. Mwalimu ameliambia darasa zima. Mchoro wa timu umebandikwa ukutani shuleni, watu saba mstari mmoja. Nilimkumbusha kwamba timu ni watu sita. Akasema anajua.

Mke wangu ni muuguzi na huona ugonjwa kabla ya mgonjwa. Aliuliza timu imechaguliwa lini. Nikasema kwa jumla imeshachaguliwa. Akasema kumbe, na suruali ya Mzee Suruali kwa jumla imeshamalizika.

Mzee Suruali ni mpima ardhi mstaafu. Alileta suruali ya kijivu mwezi wa Januari ipunguzwe urefu. Kila akija namwambia aje Ijumaa. Jina nimempa mimi, mwenyewe halijui.

Sasa kurudi nyuma hakuna. Maji nimeshayavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Jumapili, 19 Machi

Mbio za kwanza. Mbinu: nichomoke mbele kabisa ili Shemeji akate tamaa mapema.

Niliongoza! Naandika kwa kalamu ya wino ili ibaki. Niliongoza watu themanini kutoka uwanjani hadi duka la dawa, mita mia nne kamili. Mwenye duka ni shahidi.

Baada ya duka la dawa mambo yalibadilika. Kilomita ya nne Shemeji alinifikia. Akaniamkia shikamoo, akauliza hali ya watoto, akanieleza habari za lifti ya hospitali tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaniomba radhi na kutangulia. Mtu anayekimbia hapaswi kuwa na pumzi ya maneno yote hayo. Yeye wa kumi na nane. Mimi wa sitini na mbili.

Mke wangu alinikanda miguu akisema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia methali hiyo haikutungwa na mkimbiaji. Akanikanda kwa nguvu zaidi.

Jumatano, 12 Aprili

Nimegundua siri ya Shemeji. Ngazi! Nikajiuliza, ngazi ni za baba yake?

Asubuhi nikatundika kibao cha NARUDI SASA HIVI mlangoni, nikaenda kwenye lile jengo la ghorofa tisa nyuma ya posta. Hadi ghorofa ya tatu nilikuwa shujaa. Ya nne, mtu wa kawaida. Ya sita goti la kushoto lilijiuzulu. Nikaona nishuke kwa lifti. Mlango ukafunguka, nikaingia kichwa kichwa, na ndani yumo nani? Mzee Suruali. Kumbe anakaa ghorofa ya nane.

Tukashuka kidogo. Lifti ikaguna, ikasimama.

Saa nzima na dakika ishirini! Mzee hakupiga kelele wala kuogopa. Aliuliza tu habari za suruali. Nikasema imebakia pindo. Akasema ilibakia pindo tangu Februari. Nikasema kitambaa chake ni kigumu, kinahitaji utulivu. Akatazama kuta nne za lifti, akasema utulivu ndio huu. Kisha akaanza kuhesabu Ijumaa zote nilizomwahidi. Vidole vyake vilipokwisha, akaomba vyangu.

Hatimaye mlango ukapanuliwa kwa chuma, na uso wa kwanza kuuona ni wa Shemeji. Alinitazama nilivyovaa nguo za mazoezi. Akaitazama ngazi. Angeuliza ingekuwa nafuu.

Umbali wa leo: ghorofa sita.

Jumapili, 7 Mei

Mbio za pili. Shemeji hakuja! Alfajiri aliitwa hospitalini, lifti ya wagonjwa imekwama. Nimemshinda kwa kilomita kumi nzima.

Kocha alipekua daftari lake mara mbili, akasema kanuni ni kanuni. Sasa tuko sare, moja kwa moja. Mke wangu akauliza kama naona fahari kumshinda mtu ambaye hakuwepo. Nikamwambia kuwepo ni sehemu ya mchezo.

Jioni Shemeji akaja na grisi bado mikononi, kunipongeza. Kwa moyo mweupe kabisa! Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Kitindamimba ameuliza kama siku ya basi imekaribia. Nikasema imekaribia. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma: naogopa. Mlima wowote nitaupanda, lakini sijui nitautazama vipi uso wa mtoto yule nikimwambia baba yake alisema uongo.

Jumanne, 6 Juni

Kocha ameleta kitambaa cha kijani. Bukta mpya kumi na mbili za klabu, ziwe tayari kwa mbio za tatu. Fundi ni mimi.

Wote wamekuja kupimwa. Shemeji aliinua mikono nimzungushie futi kiunoni, akawa anawaambia wenzake kwamba mji mzima hauna fundi kama shemeji yake. Na hapo hapo wazo likanijia.

Lastiki ya kiuno! Nina roli moja mpya. Nina pia kipande cha zamani kilichokaa dirishani kikipigwa jua miaka miwili. Ukikivuta kinalia kama karatasi. Kilomita sita kitashika, ya saba kitaachia. Hataumia. Ataaibika tu kidogo, na aibu haijaua mtu.

Ijumaa, 9 Juni

Tayari. Bukta ya Shemeji ina lastiki ya dirishani. Kwa nje huoni kitu. Nimepiga mluzi kutwa.

Mzee Suruali alipita. Nimemwambia Ijumaa. Akasema leo ndiyo Ijumaa. Nikasema ile nyingine.

Jumamosi, 10 Juni

Nimeshindwa. Daftari lisinielewe vibaya, si wema. Ni kwamba bukta ile inaning'inia mbele ya cherehani, na kila nikiinua macho naona kile kiuno. Kinaniuma kama jino. Miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Nimechelewesha nguo za watu, ndiyo. Nimechelewesha sana. Lakini kazi mbovu haijatoka kwenye mlango huu.

Nikafumua. Nikatia lastiki mpya, nikaipiga mishono miwili. Imetoka bukta nzuri kuliko zote kumi na mbili. Niliitazama kwa furaha hadi nilipokumbuka ni ya nani.

Roli ikaishia hapo. Bukta moja tu imebaki, na ni yangu. Nimeipa ile ya dirishani, kwa muda tu. Duka la vifaa vya ushonaji liko mtaa wa pili. Nitabadilisha kesho.

Jumatano, 14 Juni

Wateja wengi. Nitabadilisha kesho.

Jumamosi, 17 Juni

Nilishavaa viatu niende dukani. Mzee Suruali akaingia na kiti. Kiti chake mwenyewe, cha kukunja. Akakikunjua katikati ya chumba, akakaa, akatoa gazeti. Akasema hana haraka.

Alilisoma lote, pamoja na matangazo ya vifo. Saa tisa nikamaliza suruali. Imemkaa, nisiseme uongo! Akaondoka ameivaa, ile ya zamani kwapani, akitembea polepole ili watu waione.

Duka la vifaa Jumamosi hufungwa saa saba.

Nimeivuta lastiki kidogo. Imelia. Basi, sitaivuta tena. Kilomita kumi tu, si safari ya hija.

Jumapili, 18 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, magoti yamepakwa dawa.

Nilikimbia vizuri. Sijui ni zile ghorofa sita au ni hofu, lakini sijawahi kukimbia vile. Kilomita ya tano namwona Shemeji mgongo. Ya saba nasikia pumzi yake. Ya nane nikampita. Nilimpita mtu mzima aliyepo, mwenye afya, asiyeitwa hospitali! Nikamuuliza hali ya lifti. Hakuwa na pumzi ya kujibu.

Tulipofika duka la dawa, zimebaki mita mia nne, nikahisi kitu kikiachia kiunoni. Taratibu, kama mgeni anayeaga. Nikadaka bukta kwa mkono wa kushoto, nikaendelea kwa mkono mmoja. Mwenye duka tena ni shahidi.

Uwanjani, karibu na mstari wa mwisho, amesimama Kitindamimba. Pamoja naye mwalimu wake na nusu ya darasa. Nyuma nasikia miguu ya Shemeji inakaribia, mita hamsini, thelathini. Mkono mmoja hautoshi kwa mbio za namna hiyo. Akanifikia. Akaona mkono wangu ulipo. Akaelewa.

Akapunguza mwendo. Nataka iandikwe. Aliangalia pembeni kama mtu aliyeona ndege, akapunguza.

Zimebaki hatua tano. Nimeshinda. Nikainua mikono yote miwili juu.

Yote miwili!

Bukta ikafika magotini, nami nikafika chini. Namshukuru marehemu mama aliyenifundisha kutotoka bila kaptula ya ndani. Shemeji alikuwa karibu mno, asiweze kusimama, akaniruka, na kwa kuruka akavuka mstari. Nyuma yake nikavuka mimi, kwa kutambaa. Kocha akapuliza kipenga. Darasa zima likapiga makofi, watoto hawachagui.

Wa kwanza kunifikia ni Kitindamimba. Nikamwambia pale pale chini, kabla sijaishiwa ujasiri, kwamba baba hayumo kwenye timu, na kwamba siku ile alipomwambia hakuwemo pia. Nilijua uso wake utaanguka. Haukuanguka. Alinishangaa tu. Akauliza kwani bukta zile kashona nani. Akasema kwenye mchoro wake wanaokimbia ni sita, na mtu wa saba ni mimi, nina futi shingoni. Darasa lote linajua baba yake ni fundi wa timu. Kukimbia, alidhani nakimbia kwa kujifurahisha.

Miezi mitatu mchoro uko ukutani, sikwenda kuutazama hata siku moja. Nililia. Watu walidhani ni magoti.

Kocha akafungua daftari, akasema kwa yaliyoonekana leo, basi haliondoki bila mtu mwenye sindano na uzi.

Jumapili, 9 Julai

Nimepanda basi! Kiti cha mbele, kikopo cha vifungo mapajani. Mji jirani una barabara nzuri na upepo wa kiasi. Nimeshona kifungo kimoja na namba mbili. Shemeji kawa wa kumi na moja kati ya mia mbili, na bukta haikusogea hata uzi. Watu wa klabu nyingine waliuliza nani kaishona. Akaninyooshea kidole. Nikajifanya naangalia barabara.

Picha imepigwa. Saba tumesimama mstari mmoja, mimi wa mwisho kulia, futi shingoni. Sawasawa na mchoro. Sijui nilikuwa nahangaikia nini msimu mzima. Siku ya amani. Mtu akiridhika na nafasi yake hulala bila mawazo.

Jumatatu, 10 Julai

Nimefikiria vizuri. Hatua tano! Nilibakiza hatua tano tu. Mtu aliyebakiza hatua tano si mtu wa saba, ni mtu wa sita aliyecheleweshwa. Msimu mpya unaanza Septemba na nimeshaandikisha jina. Nina mbinu inayohusu kilima, na Shemeji haijui.

Jioni nimemwambia Kitindamimba kwamba mwakani baba ndiye nahodha. Amekimbilia kalamu za rangi.

Mzee Suruali ameleta koti. Nimemwambia aje Ijumaa. Amesema sawa, ila ameniachia kiti.

Bukta ya kijani iko pale pale kwenye kamba. Lastiki nitabadilisha kesho.