Jasho la Chupa

Jumapili, 4 Mei
Nimeamka jua likiwa limeshapanda. Batsinda, mtaa wetu hapa Kigali, kimya. Nikakumbuka: leo barabara za mjini zimefungwa, magari hayapiti, watu wote wametoka kukimbia. Wote isipokuwa mimi. Raha!

Raha ikakatika nilipofungua simu. Shyaka, jirani yangu wa mlango wa pili, kaweka picha Instagram: jezi ya njano, jasho linametameta, ngumi juu. Chini yake Jolly kaweka moyo mwekundu. Jolly! Muuguzi ninayemfuatilia tangu Pasaka! Nikampigia papo hapo. Nikamwambia na mimi hukimbia kila Jumapili, tangu mwaka jana, ila sipendi kujionyesha. Akasema angependa kuona picha. Nikasema ziko kwenye simu nyingine.

Sina simu nyingine.

Jumatatu, 5 Mei
Nimepata dawa. Asubuhi moja ya kazi, picha za mwaka mzima! Kinachotakiwa ni kubadilisha nguo tu. Fulana yangu ya michezo ni moja, na ina tundu. Lakini Dada Swafiya, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ana nguo za wateja zimejaa kwenye kamba. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashikilia cherehani. Akakataa. Nikambembeleza. Mwishowe akasema sawa, ila atakuja mwenyewe kuzilinda, na picha atapiga yeye.

Jumapili, 18 Mei
Kiyovu. Kivuli, majumba ya mabalozi, watu wanakimbia kana kwamba wanafukuzwa. Mimi niko nyuma ya ua wa michongoma, navua jezi ya kijani nivae ya bluu. Mlinzi akaja. Akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini niko kifua wazi kwenye ua wa bosi wake. Nikamjibu ni mazoezi.

Jasho lilitoka kwenye chupa ya maji. Swafiya hana kipimo. Kwenye picha ya Machi nafanana na mtu aliyeokolewa mafurikoni Nyabugogo. Akanishauri nikimbie japo kidogo, niheme kweli. Nikamwambia picha haisikii pumzi.

Kabla jua halijawa kali, mwaka wangu wa mazoezi ulikuwa umekwisha. Nimechoka sana. Tukala chapati.

Jumatatu, 19 Mei
Nilipanga kuzitoa moja moja, kwa heshima. Uvumilivu ukanishinda. Zote nimezibandika kabla ya chai, kila moja na mwezi wake.

Wa kwanza kuja ni Shyaka. Alisema ile jezi ya njano kwenye picha yangu moja ni yake. Alimpelekea fundi kwa sababu mkono ulifumuka. Hakufoka. Aliomba tu irudi, maana yeye huivaa kukimbilia. Heri angefoka!

Kisha Jolly akapiga simu. Alisifu kwanza. Halafu akauliza yule mzee wa kaptura ya zambarau nyuma yangu ni nani. Mzee gani? Nikatazama. Loo! Ameegemea nguzo ya taa, kanyoosha mguu nyuma. Januari yupo. Machi yupo. Mei yupo, mguu uleule. Jolly akasema yeye kama muuguzi ana wasiwasi.

"Toka Januari hajashusha mguu? Kuna mtu ameita daktari kweli?"

Nikasema ni kocha wangu. Mdomo huu! Akasema safi sana, Jumapili ijayo isiyo na magari tutakimbia wote, nimtambulishe.

Jumapili, 1 Juni
Niliomba mvua. Jua tupu.

Mzee alikuwa palepale kwenye nguzo. Nikamkimbilia mbele ya Jolly, mikono miwili: shikamoo, kocha! Nikamkonyeza. Akanitazama kwa makini.

"Wewe si ndiye wa kuvua nguo kwenye michongoma?" akasema. "Ulipata shati?"

Jolly akaanza kukimbia. Nikamfuata. Mpaka kwenye kona nilikuwa mwanamume. Baada ya kona ni mlima, na sikumbuki vizuri. Nakumbuka ukingo wa barabara, mawingu, na Shyaka akipita ndani ya jezi yake, akinipungia mkono. Akinipungia!

Jolly akapiga magoti, akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. Alipoona sitakufa, akacheka mpaka machozi. Akanipiga picha.

"Yewe, Benon! Ungesema tu. Hata mimi huu mlima siupendi. Jumapili ingine tutembee polepole, tuongee."

Mkono hakuuachia mara moja. Nikalala pale barabarani nikiwa na furaha kuliko watu wote wa Kigali waliosimama. Nikaapa: uongo basi!

Jumatatu, 2 Juni
Jolly amepiga simu. Baba yake anakuja kutoka Mbarara, anataka kunijua. Ni mtu wa ng'ombe. Jambo la kwanza atauliza kama ninao. Jolly akasema nisiogope, nimjibu ukweli tu, kwamba sina, mzee ana moyo mzuri.

Nikamwambia ninao. Wako Nyagatare. Kundi zima.

Akasema, taratibu, kwamba baba yake atapenda kuona picha.

Kesho napanda basi la kwanza la Nyagatare. Nahitaji ng'ombe mmoja tu, mpole, mwenye pembe ndefu. Nikimpiga picha kutoka kila upande, atatosha kuwa kundi.