Chama cha Kuacha Pombe Bila Kuomba

Jumatatu, 10 Novemba
Nadine amerudi kwa baba yake. Amesema hanioni tena mpaka niache kasiksi. Pombe ya ndizi tu! Haya, naacha. Papa Symphorien, kiongozi wa walioacha pombe pale kanisani, akaja mbio kunikaribisha kwenye maombi yao. Nikamwambia mimi simwamini Mungu. Akasema bila Mungu hakuna aliyewahi kuacha. Eti! Nitaanzisha chama changu, cha wasioomba. Rais ni mimi.

Jumanne, 11 Novemba
Wanachama wamepatikana. Habumugisha wa pikipiki, asiyeamini kitu ila breki zake. Na Gisubizo mtengeneza jibini, ambaye anaamini, ila kwaya ilimfukuza kwa ulevi. Tumekutana kwenye kibanda chake. Shida ya kwanza: kikao kinafunguliwaje bila sala? Hapa Kitshanga hakuna aliyewahi kuona. Tukasimama tu. Habumugisha akafumba macho kwa mazoea, nikamwamuru afumbue. Mwishowe nikakohoa, nikatangaza kikao kimefunguliwa.

Alhamisi, 13 Novemba
Usingizi hauji. Nyumba baridi. Namkumbuka Nadine mpaka nimelia, na sioni aibu kuandika. Jana miguu ilinipeleka yenyewe kilabuni. Gisubizo akanifuata, akanikalisha kando ya njia, akanilisha jibini mpaka hamu ikapita. Chama kinafanya kazi! Symphorien ameshasikia. Nimehakikisha amesikia.

Ijumaa, 14 Novemba
Baba mkwe, Papa Nzabandora, ametuma habari: nije kesho kuomba msamaha, nimchukue mke wangu. Sasa, mkwe haendi mikono mitupu. Anapeleka bidoni, dumu zima la kasiksi, tangu zamani. Symphorien akanishauri nipeleke kreti ya soda, wazee wataelewa. Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo! Lakini sasa ni wazo la Symphorien. Haiwezekani. Chama kimepiga kura: kubeba si kunywa.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilikwenda na Habumugisha na Gisubizo, bidoni mkononi. Nadine alikuwa amesimama mlangoni, begi miguuni, tayari. Kisha Papa Nzabandora akanipa mrija. Nilikuwa nimesahau! Aliyeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, wazee waone haina sumu. Nikasema siwezi. Nikampa Habumugisha mrija, akasema na yeye ni mwanachama. Gisubizo akageuka kutazama ng'ombe. Mzee akasimama, akauliza, “Unatuletea sumu, ao njo nini?” Nikaonja. Kwa heshima tu. Wazee wa nyuma wakasema hawakuona vizuri, nikaonja tena. Wenzangu hawakutaka rais wao aonje peke yake. Nilipokuja kuinua kichwa, begi halikuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa.

Jumapili, 16 Novemba
Kichwa kinapasuka. Shangazi yake Nadine ameleta maneno, akayasema kwa sauti, majirani wakisikia: “Muntu gani anakuya kuomba musamaha na ile kitu njo ilifukuza bibi yake?” Kumbe Nadine alikuwa ameshamwomba baba yake apokee soda. Imeniuma. Imeniuma kweli.

Lakini sikati tamaa. Nimefikiri tangu asubuhi na kosa nimeliona. Kosa ni kwamba nilikwenda kuonja bila mazoezi. Kesho chama kinahamia kilabuni, tujifunze kuonja bila kumeza.